Nyambizi haikupasuka, watu wawili wakafa: kisa cha Johnson Sea Link, 1973

Tangu ile Titan ilipopasuka Juni 2023 ikishuka kwenda kuangalia Titanic, kila mtu kawa fundi wa nyambizi. Ukitaja tu nyambizi ndogo swali la kwanza ni bodi lake ni la nini, unene gani, linashuka mita ngapi. Swali zuri, sikatai. Ila kuna kisa cha miaka 50 nyuma ambacho bodi halikufanya kosa lolote, halikupasuka wala kubonyea, chombo kilikuwa kwenye kina kinachokimudu vizuri tu, na bado kati ya watu wanne wawili wakatolewa maiti. Na hao wanne walikuwa ndani ya chombo kimoja, kina kile kile, saa zile zile, tofauti yao ni kwamba wawili walikaa mbele na wawili wakakaa nyuma.

Chombo kinaitwa Johnson Sea Link. Aliyekichora ni Edwin Link, Mmarekani yule yule aliyetengeneza ile mashine ya kufundishia marubani bila kuruka angani, na hela zikatoka kwa Seward Johnson wa ile familia ya Johnson & Johnson. Kiliingia majini 1971. Huyu Link toka miaka ya 60 kichwa chake kilikuwa na jambo moja, hataki binadamu aende chini akaangalie samaki kupitia kioo halafu arudi, anataka mtu akifika kule afungue mlango, atoke, ashike anachotaka kwa mkono wake, kisha arudi ndani. 1962 pale Villefranche, Ufaransa, alimshusha Mbelgiji Robert Sténuit kwenye silinda mpaka mita 61 na jamaa akakaa huko zaidi ya saa 24. Hiyo ilikuwa mwanzo tu.

Sasa kabla ya kuingia kwenye siku yenyewe inabidi tuelewane kuhusu huo mlango, maana hapo ndo ugomvi wote ulipo.

Baharini kila ukishuka mita 10 unaongeza presha kama ya hewa yetu ya hapa juu mara moja. Mita 110 ambako kisa hiki kilitokea, presha nje ni kama mara 12 ya hii tunayovuta. Chukua mlango wa duara wenye upana wa sentimita 60, wa mtu kupenya tu, maji ya mita 110 yanaukandamiza kwa uzito wa zaidi ya tani 30. Hakuna mtu wa kuufungua huo kwa mikono hata mkijipanga kumi. Na hiyo ni kwa faida ya waliomo, maana bahari yenyewe ndo inaubana mlango kwenye fremu yake, ukizidi kushuka unazidi kuziba.

Kwa hiyo ukitaka kutoka kuna njia moja tu, unaingiza gesi ndani ya chumba mpaka presha ya ndani ilingane na ya nje. Zikilingana ule mlango wa sakafuni unafunguka kirahisi kabisa, na maji hayaingii, yanasimama pale pale kwenye mdomo wa tundu kwa sababu gesi inayasukuma chini kwa nguvu ile ile yanayosukuma juu. Mpiga mbizi anatumbukiza miguu, anashuka, anaenda kazini na mpira wake wa gesi nyuma yake, akimaliza anarudi kupitia hapo hapo.

Tatizo ni kwamba huyo mtu mwili wake sasa umeshindiliwa gesi ya presha mara 12. Huwezi kumrudisha juu ukafungua mlango akashuka zake kwenda kunywa chai, lazima ashushiwe presha taratibu, masaa mengi, na kama alikaa huko muda mrefu ni siku kadhaa. Na dereva wa nyambizi pamoja na mwanasayansi wake hawana sababu ya kupitia hayo yote, wao wanataka kubaki kwenye presha ya kawaida, wakifika juu wafungue waondoke. Ndo maana nyambizi yenye mlango wa wapiga mbizi lazima iwe na vyumba viwili visivyochangia hewa. Huku presha ya kawaida, kule presha inapandishwa ikitakiwa.

Hapa ndo watu wengi wanapita haraka. Ukishasema vyumba viwili maana yake umetengeneza nyambizi mbili ukazifunga kwenye fremu moja. Kila chumba kina bodi lake, oksijeni yake, na mtambo wake wa kunyonya hewa chafu. Na chumba cha nyuma kina kazi ngumu zaidi ya cha mbele, maana cha mbele kinabanwa kutoka nje tu, lakini cha nyuma siku nyingine kinabanwa kutoka nje na siku nyingine kinasukumwa kutoka ndani, pale kinapopandishwa juu wapiga mbizi wakiwa bado na presha yao ndani. Bodi linalobanwa kutoka nje adui yake ni kubonyea, likiwa na sehemu haijakaa duara sawasawa hapo ndo linaanzia. Likisukumwa kutoka ndani adui yake ni kuchanika, hasa kwenye welding. Na mlango nao vivyo hivyo, wa kuzuia bahari isiingie unakaa kwa nje ili bahari iusukume kwenye fremu, wa kuzuia gesi isitoke unakaa kwa ndani ili gesi iusukume, kwa hiyo tundu moja linabeba milango miwili.

Johnson Sea Link mbele walimweka dereva na mtu mmoja ndani ya tufe la akriliki, upana kama mita moja na nusu na ukuta wa inchi 4, unaona pande zote kama umekaa ndani ya maji yenyewe. Tufe ndo umbo linalopenda presha kuliko yote, kwa unene ule ule na kipenyo kile kile ukuta wa tufe unabeba nusu tu ya mzigo unaobebwa na ukuta wa silinda. Nyuma wakaweka chumba cha wapiga mbizi, silinda ya alumini. Alumini nyepesi, haili kutu kama chuma, na kwenye nyambizi ndogo kila kilo ni kesi. Kwa hesabu za presha, vyote viwili vilikuwa safi.

Tena Link alikuwa ameshaumwa na nyoka kwenye habari ya mabodi. Nyambizi yake ya kabla ya hii, Deep Diver, aliyoijenga na John Perry na ikaanza kazi 1967, nayo ilikuwa na chumba cha wapiga mbizi, na 1968 wakubwa wa jeshi la majini la Marekani wakaja kugundua kuwa chuma kilichotumika siyo, kwenye maji ya baridi sana kinakuwa kikavu na kinaweza kuvunjika. Ile ikawa imekwisha kwa kazi za kina kirefu. Kwa hiyo usidhani hawa watu walikuwa wanabahatisha, hii ya 1971 bodi lake lilifikiriwa haswa, na baridi ilifikiriwa pia, ila ilifikiriwa kama adui wa bodi. Adui wa watu hawakumpa uzito huo.

Tarehe 17 Juni 1973, asubuhi, karibu na Key West, Florida. Mbele yuko dereva Archibald Menzies, wenzake wanamwita Jock, pamoja na Robert Meek mtaalamu wa samaki. Nyuma yuko Clayton Link, miaka 31, mtoto wa kumzaa wa Edwin Link mwenyewe, na Albert Stover, miaka 51. Kazi ni ya kawaida sana, kuna manowari ya zamani, Fred T. Berry, ilizamishwa makusudi mwaka uliotangulia iwe mwamba wa bandia samaki wapate makazi, na pale kuna dema la utafiti linatakiwa kutolewa. Safari fupi ya kwenda na kurudi. Wale wa nyuma wamevaa tisheti na kaptula.

Mkondo wa maji ukawasukuma kwenye mabaki ya meli na nyambizi ikanaswa, kuna nyaya na machuma ya manowari yanaielemea, ikakamatika. Menzies akajaribu kujinasua, ikagoma. Na hapa kuna uamuzi mgumu, ukizidi kulazimisha unaweza kuzidi kujifunga, kwa hiyo kikaja kile ambacho kwenye karatasi kinaonekana cha busara, tulieni, hewa ipo, jeshi lipo hapo hapo Key West na meli ya uokoaji wa nyambizi, waje watutoe.

Walikuja kweli. Meli ya jeshi Tringa ilifika, wapiga mbizi wake wakashuka, wakashindwa kufika kwa sababu ya mkondo na yale yale machuma. Nyambizi nyingine ndogo ikaletwa nayo ikashindwa. Masaa yanakwenda. Waliofanikiwa mwisho ni watu wa meli nyingine, A.B. Wood II, waliokuja na kamera ya televisheni ya kushusha majini pamoja na ndoano kubwa, wakawa wanaangalia kwenye skrini huku wanaielekeza ndoano mpaka ikashika, wakavuta, nyambizi ikachomoka. Hiyo ilikuwa jioni ya tarehe 18, zaidi ya saa 24 zimepita. Menzies na Meek walitoka hai, wamechoka hewa yao nayo ilikuwa imeharibika lakini wako hai. Nyuma hakuna aliyejibu.

Kilichowaua ni kaboni dioksaidi. Hawakukosa oksijeni, nasema hili kwa sababu watu wakisikia kufa kwa kukosa hewa wanadhani oksijeni iliisha. Kwenye chumba kilichofungwa hewa unayoitoa puani inakuua mapema kabla ya oksijeni kukuishia. Mtu aliyetulia anatoa kama lita 20 za kaboni dioksaidi kwa saa. Chukulia mfano tu, chumba cha lita 3,000 chenye watu wawili na hakuna kinachoinyonya, kila saa inaongezeka zaidi ya asilimia moja, ndani ya saa 4 umepita asilimia 5, kichwa kinagonga, unahema kama umekimbia, mawazo hayakai sawa. Ndo maana kila chumba lazima kiwe na dawa ya kunyonya, na wao walikuwa na Baralyme, chembechembe za haidroksaidi ya kalsiamu na bariamu ambazo hewa ikipitishwa juu yake kaboni inagandamana nazo.

Dawa hiyo ilikuwepo mbele na nyuma. Lakini ni dawa inayofanya kazi kwa joto, ikipoa inazembea, na huo ndo ufunguo wa kisa chote.

Maji ya mita 110 ni ya baridi hata kama juu ni Juni ya Florida na jua linawaka. Akriliki inapitisha joto kwa shida mno, inchi 4 za akriliki ni kama blanketi, kwa hiyo mbele joto la miili ya watu wawili lilibaki ndani na dawa ikaendelea kunyonya. Alumini inapitisha joto mara mamia kuliko akriliki, ni sufuria tupu iliyotumbukizwa kwenye maji ya barafu na watu wamekaa ndani yake. Chumba kikapoa mpaka kikalingana na bahari, Baralyme ikapoa nayo, ikaacha kunyonya vizuri, kaboni ikapanda, wakati huo huo wao wenyewe kwenye tisheti zao wanatetemeka, na mtu akitetemeka misuli inafanya kazi, akifanya kazi anatoa kaboni zaidi. Baridi iliwapiga mara mbili, kwenye dawa na kwenye mwili, na kila pigo likaongezea jingine.

Hebu angalia hapo. Ukuta ule ule ambao kwa hesabu ya presha ulikuwa hauna kasoro, kwa hesabu ya joto ndo ulikuwa njia ya kuwaua. Injinia wa bodi angeupa maksi zote. Kama hukukaa kwenye meza moja na mtu wa hewa na mtu wa mavazi, huwezi kuiona hiyo.

Swali ambalo lazima mtu aulize, na mimi niliuliza nilipokisoma kisa hiki mara ya kwanza, si hao wa nyuma walikuwa na mlango? Hicho chumba kimetengenezwa watu watoke, kwa nini wasipandishe presha, wafungue, waogelee juu? Au hata watoke wakaikate ile waya?

Presha waliipandisha, usiku ule walipozidiwa. Lakini fikiria hali yenyewe. Kwanza huwezi kupandisha kwa hewa ya kawaida, kwenye presha mara 12 oksijeni iliyomo ndani ya hewa ya kawaida inakuwa sumu ya kukutia degedege na naitrojeni inakulewesha usijue unafanya nini, kwa hiyo inatumika heliamu iliyochanganywa na oksijeni kidogo. Heliamu inapitisha joto kama mara sita kuliko hewa. Mtu ambaye tayari anaganda kwa baridi unamzungushia gesi inayomnyonya joto kwa kasi zaidi. Pili, hili watu wengi hawalijui, ukiongeza gesi safi kwenye chumba kilichofungwa hujaipunguza ile kaboni. Asilimia inashuka kwenye karatasi, ndiyo, lakini mwili hausomi asilimia, unasoma presha ya kaboni yenyewe, na kiasi kile kile kwenye chumba kile kile kina presha ile ile. Uko pale pale. Na dawa ya kunyonya kwenye gesi nzito iliyobanwa inapata taabu zaidi kuliko mwanzo.

Halafu hata ukifungua mlango, unatoka na nini? Kwa tisheti, kwenye maji hayo, mkondo ule, machuma pande zote, mwili umechoka na kichwa hakijielewi kwa ajili ya kaboni. Na kupanda moja kwa moja mita 110 na gesi ya presha hiyo mwilini ni kifo kingine. Kutoka kungewezekana labda saa za mwanzo mwanzo, mtu akiwa na akili timamu na nguo za baridi, lakini saa hizo za mwanzo ndo saa ambazo kila mtu anaamini uokoaji uko njiani. Kumlaumu yeyote pale mi siwezi.

Na kuna ukatili mwingine wa huo mlango. Nyambizi ilipofika juu, mbele walifungua wakatoka. Nyuma kukawa hakufunguki hivyo, kwa sababu chumba kilikuwa na presha. Kama kulikuwa na mtu hai mle ndani, kufungua ghafla ndo kungemmaliza. Kwa hiyo wamepatikana, wako kwenye sitaha, mkono unagusa bodi, na bado hawafikiki. Aliyeichora milango hiyo ni baba wa mmoja wao.

Kuna mtu atasema basi kosa ni moja tu, wangevaa nguo za maana. Nguo zingewaongezea masaa, hilo sibishi. Lakini nguo hazipashi moto dawa. Nionavyo mimi kosa lilikuwa kukihesabu chumba cha nyuma kama sehemu ya kupita, mpiga mbizi anaingia, anatoka, anamaliza, wakati siku nyambizi inaponaswa chumba hicho kinageuka nyumba ya kuishi siku nzima, na hakikuandaliwa kuwa nyumba. Ukinionyesha leo nyambizi yenye mlango wa wapiga mbizi nitauliza unene wa bodi dakika moja, dakika zinazobaki zote ni za huko nyuma: ukuta umefunikwa na nini, dawa inakaa kwenye joto gani, inapulizwa na feni inayotumia betri ya nani, na imepimwa saa ngapi kwenye baridi ya kweli, maana kipimo cha karakana Florida kwenye nyuzi 30 hakiniambii kitu.

Wengi wanaotengeneza nyambizi ndogo za watu binafsi waliamua kuukwepa mtihani wote. Hizi za matajiri za siku hizi, tufe la akriliki na viti viwili vitatu, hazina kabisa mlango wa kutokea majini, presha ndani ni ile ya kawaida mwanzo mwisho, na ukitaka kushika kitu kuna mkono wa mashine. Za utafiti hivyo hivyo. Hans Fricke, Mjerumani aliyekwenda Komoro kumtafuta gombessa, yule samaki wa kale ambaye baadaye wavuvi wa Tanga nao walikuwa wanamtoa kwenye nyavu, alimpata akiwa hai kwenye makazi yake 1987 akiwa ndani ya nyambizi ndogo ya watu wawili, akamwangalia kupitia kioo na wala hakuhitaji kutoka. Kwa kazi ile ilitosha.

Link mwenyewe hakuacha. Miaka miwili iliyofuata aliitumia kutengeneza chombo kisicho na mtu, chenye kamera na cha kukata, kinachoongozwa kwa kebo kutoka juu, akakiita CORD, kazi yake kwenda kuinasua nyambizi iliyokwama. Johnson Sea Link ilirekebishwa ikarudi majini na ikajengwa ya pili, na 1986 ndo zilikuwa kwenye msako wa vipande vya chombo cha anga Challenger vilivyoangukia baharini. Na ule mlango wa nyuma haukufungwa kwa misumari. 1979 waakiolojia walishushwa nao kwenye mabaki ya Monitor, meli ya vita ya 1862 iliyolala kwenye mita kama 70 huko North Carolina, wakawa wanapandishiwa presha, wanatoka kwa tundu la sakafuni, wanachimba kwa mikono yao, wanarudi, na nyambizi ikifika juu wanahamishwa presha ikiwa vile vile kwenda kwenye chumba kikubwa cha melini, wanashushiwa humo taratibu wakiwa kwenye joto.